Bei tatu kwa mti mmoja: unalipia nini unapoondoa mti mkubwa uani?

Swali la msomaji: "Mtaalamu, salamu. Nyuma ya nyumba yetu kuna mti mkubwa, una umri mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Nimezungusha futi ya kamba kwenye shina, usawa wa kifua, nikapata mzingo wa mita 2.5. Urefu nakadiria mita 20. Uko mita 4 kutoka ukuta wa nyumba, upande mmoja nyaya za umeme zinapita karibu na matawi, na hakuna njia ya kuingilia isipokuwa mlango mwembamba wa pembeni. Wamekuja wakata miti watatu. Wa pili ametaja mara mbili ya bei ya wa kwanza, na wa tatu karibu mara nne. Wa kwanza anasema mbao zitafidia sehemu ya gharama, na kwamba nikitaka nafuu zaidi atakata kilele tu ili mti ubaki mfupi. Mke wangu anauogopa mti, mimi naiogopa bei. Ni nani kati yao anayetupunja?"

Jibu:

Huenda hakuna anayewapunja. Kwa maelezo yako, naona watu hawa hawakutaja bei ya kazi moja. Wametaja bei za kazi tatu tofauti, zote zikiitwa "kukata mti". Kabla hujalinganisha tarakimu, inabidi ujue kila mmoja anakusudia kuupeleka wapi ule uzito ulioko juu, maana huo ndio unaoulipia. Kukata kwenyewe ni sehemu ndogo. Kinachokula fedha ni kushusha tani kadhaa za mti mbichi kutoka juu hadi chini, kisha kuzitoa nje ya uzio, bila kitu kuvunjika wala mtu kuumia.

Umefanya vizuri kupima, kwa hiyo tutumie vipimo vyako. Mzingo wa mita 2.5 ukigawa kwa 3.14 unapata kipenyo cha sentimita 80 hivi. Mti mbichi umejaa maji, na kwa aina nyingi mita moja ya ujazo huwa na uzito kati ya kilo 700 na 1,100, tuchukue 900. Kipande cha shina chenye kipenyo cha sentimita 80 na urefu wa mita 1 kina ujazo wa nusu mita hivi, yaani kilo 450. Kipande cha urefu huohuo chenye kipenyo cha sentimita 40 kina kilo 113 tu. Kipenyo kimepungua nusu, uzito umepungua hadi robo. Hapa ndipo wengi hushangaa, kwa kuwa jirani aliondoa mti wenye nusu ya unene na nusu ya urefu wa mti wao, basi wanatarajia kulipa mara mbili yake. Mti ulio mara mbili kwa unene na mara mbili kwa urefu una uzito mara nane. Shina lako peke yake, hata tukihesabu kwamba linapungua unene kadiri linavyopanda, linafika tani 4 au karibu na hapo. Matawi bado.

Kama huna uhakika na zile mita 20, kuna njia ya kijiti. Tafuta kijiti chenye urefu sawa na umbali kutoka jicho lako hadi ngumi yako ukiwa umenyoosha mkono. Kishike wima, kisha rudi nyuma kwenye ardhi tambarare mpaka kijiti kionekane kimeufunika mti wote, kuanzia tako la shina hadi kileleni. Pale ulipo hadi kwenye shina ndio takriban urefu wa mti. Kipimo hiki kina kazi nyingine zaidi ya udadisi: kinakuonyesha mti ukianguka mzima utafika wapi.

Na hilo la kuanguka mzima ndilo linalopanga bei kuliko jambo lolote. Mti wenye afya ulio peke yake kwenye uwanja mpana huangushwa kwa mikato michache. Fundi hukata pengo kwenye shina upande anaotaka mti ulalie, hukata kutoka nyuma, na kati ya mikato hiyo huacha ukanda mwembamba wa mti usiokatwa unaofanya kazi ya bawaba na kuuongoza mti wakati unalala. Mti mzima uko chini kwa muda mfupi, na kazi inayobaki hufanyika mtu akiwa amesimama ardhini. Lakini kazi hiyo inadai nafasi. Kanuni inayofuatwa sana ni kwamba asiyehusika akae mbali kwa angalau mara mbili ya urefu wa mti. Kwako hiyo ni mita 40, na nyumba iko mita 4. Kwa hiyo mti wako hauangushwi. Unashushwa vipande vipande, kuanzia juu.

Kazi ya kushusha vipande ni kazi nyingine kabisa. Mpandaji anakwenda juu akiwa amejifunga mkanda na kamba, anakata tawi baada ya tawi, na kila tawi linalokaa juu ya paa au ukuta hufungwa kamba kwanza. Kamba hiyo inapita kwenye kapi lililofungwa juu zaidi, na chini yuko mtu wa kuilegeza polepole. Tawi likidondoka hata mita moja kabla ya kamba kulidaka ghafla, nguvu inayoivuta kamba, kapi na mti wenyewe huwa mara kadhaa ya uzito wa tawi. Kwa sababu hiyo mafundi wazuri hukata vipande vidogo, hushusha taratibu, na hawakubali kuharakishwa. Mti ambao ungeangushwa asubuhi moja unachukua siku nzima au mbili, na timu haipungui watu watatu. Mwenye bei ya juu huenda amehesabu siku hizo zote. Mwenye bei ya chini huenda anafikiria kuvuta mti kwa kamba ulalie upande usio na nyumba na kuomba Mungu. Muulize moja kwa moja: "Tawi lile lililo juu ya paa utalishushaje?" Anayeijua kazi atanyoosha kidole, akuonyeshe atafunga wapi kamba na kipande kitatua wapi. Akijibu kwamba hilo ni dogo na usiwe na wasiwasi, mimi nisingempa kazi.

Tuseme na hali ya mti, maana ina athari ambayo wengi huitarajia kinyume. Mtu hudhani mti uliokufa ni rahisi kuondoa kwa kuwa umekauka na kupungua uzito. Kwa kweli mara nyingi hugharimu zaidi. Katika kazi ya vipande, mti wenyewe ndio nguzo inayombeba mpandaji na kapi lake. Mbao zikioza au zikikauka hadi kuvunjika kirahisi, hakuna fundi mwenye akili atakayejifunga juu yake; ataleta kikapu cha kuinulia watu au kreni, na mashine hizo hulipiwa kwa saa au kwa siku. Basi kama mti wako umeanza kufa, kila mwaka unaoahirisha unaongeza bei. Hii ndiyo sababu siwaungi mkono wanaoshauri kusubiri mti ujifie wenyewe.

Kuhusu nyaya za umeme sitasema kwa upole. Umeme hauhitaji mguso ili uue. Unaweza kuruka, na tawi bichi, kamba yenye unyevu au ngazi ya chuma vinaupitisha. Kwa nyaya za kawaida za kusambaza umeme mitaani, umbali wa chini unaotajwa sana kwa wasio mafundi wa umeme ni mita 3 kwa mtu, kifaa chake na tawi analolishika, na kwa nyaya za msongo mkubwa umbali unaongezeka. Matawi yaliyoingia ndani ya umbali huo hayakatwi na mkata miti wa kawaida mpaka shirika la umeme lizime njia au lije kuyaondoa lenyewe. Pigia shirika hilo kabla ya kusaini chochote. Mahali pengi wao ndio wenye jukumu la kusafisha karibu na nyaya zao za barabarani, ilhali ule waya unaotoka nguzoni kuja nyumbani kwako unaweza kuwa jukumu lako. Ukishajua, mwambie kila fundi, maana hesabu yake itabadilika. Anayekuambia atakata karibu na nyaya zikiwa na umeme ili kukuokolea fedha, mwondoe hapo hapo.

Sasa huo mlango wa pembeni. Umeutaja kana kwamba ni jambo dogo, nami naona ndio unaoeleza sehemu kubwa ya tofauti ya bei zako. Mashine ya kusaga matawi haitapita. Gari halitaingia. Kila kitu kitabebwa kwa mikono au kwa toroli. Sahani ya shina lako yenye unene wa sentimita 30 tu ina kilo 135 hivi, uzito ambao hakuna mtu mmoja wa kuubeba, kwa hiyo italazimu ipasuliwe tena palepale. Matawi ni mepesi lakini yanajaza: rundo la matawi yenye majani huchukua nafasi kubwa sana kabla ya kusagwa, na kuyaburuta moja moja kupitia mlango mwembamba ni saa nyingi za watu wawili. Pima upana wa mlango huo uwape namba. Na kama kuna sehemu ya uzio inayoweza kufunguliwa kwa siku mbili kisha irudishiwe, waambie. Gharama ya kurudisha uzio inaweza kuwa ndogo mbele ya saa utakazookoa.

Njia nyingine ya kuukwepa mlango ni kupita juu. Kreni ikisimama barabarani inaweza kunyanyua vipande vikubwa na kuvipitisha juu ya nyumba hadi kwenye gari. Nadhani yule wa tatu, wa mara nne, amewaza hivi, muulize. Kukodi kreni ni gharama kubwa kwa siku, lakini inaweza kumaliza kwa siku moja kazi ambayo kwa kamba ingechukua siku tatu, na inampunguzia mpandaji hatari. Wakati mwingine jumla inakaribiana na bei ya kazi ya kamba, wakati mwingine inapita mbali. Ukisikia neno kreni, uliza mambo mawili: kama ardhi ya pale itakapoweka miguu yake inaweza kubeba uzito huo, na kama chini yake hakuna shimo la maji taka, bomba au mfuniko wowote. Mguu wa kreni ukizama kwenye shimo la maji taka, hasara yake inaizidi bei ya mti.

Kisiki ni mahali ambapo malalamiko mengi huzaliwa. Kwa desturi ya kazi hii, "kuondoa mti" mara nyingi humaanisha kila kitu kilicho juu ya ardhi, na kisiki kina bei yake. Una njia tatu. Unaweza kukiacha kimekatwa usawa wa ardhi, jambo lisilogharimu kitu, lakini aina kama mikaratusi huchipua tena kutoka kisikini kwa nguvu, ilhali misonobari mingi haichipui. Unaweza kukisaga kwa mashine hadi sentimita 15 hadi 30 chini ya ardhi, na hiyo inatosha kama unataka nyasi au bustani. Au unaweza kukichimbua chote na mizizi yake mikuu, jambo la lazima kama unakusudia kujenga juu yake, lakini linaacha shimo kubwa na linaweza kung'oa mabomba. Ukisaga, usichanganye vumbi lote la mbao na udongo kisha ukapanda hapo hapo: vijidudu vinavyolioza huchukua nitrojeni ya udongo na mimea inageuka njano. Liondoe sehemu kubwa, jaza udongo. Kwa mlango wako, uliza pia kama mashine ya kusagia inapita. Zipo ndogo zinazosukumwa na mtu mmoja, zinachukua muda zaidi.

Na kabla ya kuchimba au kusaga, jua mabomba na nyaya za chini zinapita wapi. Hilo ni jukumu lako wewe mwenye nyumba, usidhani fundi ataotea.

Yule wa kwanza amekuahidi mbao. Ni kweli mti unaweza kuwa na thamani, na kuna aina za thamani kubwa. Lakini miti ya uani ina kasoro zake kwa mpasua mbao. Imeota peke yake kwenye jua, kwa hiyo ina matawi kuanzia chini na mbao zake zimejaa vifundo. Mara nyingi ina misumari, waya wa kuanikia nguo na chuma kilichomezwa na gome miaka mingi iliyopita, na msumari mmoja unatosha kuharibu msumeno wa kiwandani. Zaidi ya hapo, ili mbao zipatikane magogo yanatakiwa yatoke yakiwa marefu, na mlango wako hauyapitishi. Usikubali punguzo lililo la maneno. Kama anaamini mbao zina thamani, aandike amepunguza kiasi gani, au umlete mnunuzi wa mbao autazame mti ukiwa bado umesimama. Kilicho cha uhakika zaidi ni kuokoa kwenye usafirishaji: ukikubali vipande vya magogo vibaki kwako kwa kuni, na matawi yaliyosagwa yatandazwe bustanini kwa unene wa sentimita 5 hadi 10 bila kurundikwa kwenye mashina ya miti mingine, bei inapaswa kushuka. Omba ishuke.

Pendekezo lake la pili, la kukata kilele mti ubaki mfupi, nakuomba ulikatae. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimeona miti mingi mizuri ikiharibiwa namna hiyo na wenye nyumba wakalipa mara mbili. Mti haufungi kidonda kama ngozi yetu inavyofunga. Mtafiti wa Marekani Alex Shigo alitumia miaka mingi kupasua mashina na kuonyesha kwamba mti hujenga kuta za ndani kuzunguka sehemu iliyojeruhiwa, ukaitenga, kisha ukakua nje yake. Kidonda kidogo kwenye shingo ya tawi, pale linapoungana na shina, hutengwa vizuri. Kilele kilichokatwa katikati huacha uso mpana unaoelekea juu, maji yanaingia, kuvu inaingia, uozo unashuka ndani ya shina. Wakati huohuo mti, ukiwa umepoteza majani yaliyokuwa yakiulisha, hutoa machipukizi mengi kwa haraka, nayo yameshikwa na tabaka la juu tu la mti. Baada ya miaka michache una kilele kipya kirefu karibu kama cha zamani, kimeshikamana vibaya, juu ya shina linaloanza kuoza. Kuondoa mti wa namna hiyo ni ghali kuliko kuondoa ulionao leo.

Hapo ndipo nafika kwa hofu ya mke wako, na kwa swali ambalo hukuliuliza: je, mti huu lazima uondoke? Hujaeleza kwamba una ugonjwa. Ukubwa peke yake si hatari, na umri peke yake si hatari. Hata shina lenye uwazi ndani si lazima liwe dhaifu. Shina husimama kama bomba, nguvu yake iko kwenye ukuta wa nje. Kwa hesabu ya uhandisi, shina la mviringo lililo wazi katikati kwa nusu ya kipenyo chake limepoteza karibu asilimia 6 tu ya uwezo wake wa kuhimili kupinda. Uwazi ukifika asilimia 70 ya kipenyo, limepoteza asilimia 24. Ukifika asilimia 90, limepoteza theluthi mbili. Hesabu hii ni ya ukuta uliokamilika pande zote. Uwazi ukitoboa nje na kuacha mdomo, hali huwa mbaya zaidi ya hapo.

Ninachotaka mkitazame pamoja ni hiki. Zunguka tako la mti, tafuta uyoga mgumu unaofanana na rafu uliootea kwenye shina au mizizi. Huo ni dalili ya uozo wa chini, na uozo wa mizizi ndio unaoangusha mti mzima bila onyo. Tazama kama ardhi imepasuka au imeinuka upande mmoja. Mti ulioota ukiwa umeinama tangu zamani na ukajinyoosha juu si wa kutisha sana. Ulioinama mwaka huu, huku udongo ukifunuka nyuma yake, ni wa kuita mtu leo. Tazama mahali shina linapogawanyika kuwa mawili yaliyobanana kwa pembe kali, gome likiwa limezama katikati na ufa ukishuka chini yake. Tazama matawi makavu yaliyo juu ya mahali mnapokaa. Kama hukuta lolote kati ya hayo, mlipeni mtu anayekagua miti lakini asiyeuza kazi ya kuikata. Ada yake ni ndogo mbele ya bei yoyote kati ya tatu ulizopewa, na huenda akasema kupogoa kunatosha: kuondoa makavu na kupunguza uzito wa matawi yaliyo juu ya paa, bila kuvuka robo ya majani ya mti kwa mara moja. Kupogoa nako kunalipiwa, lakini kivuli kinabaki.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia kuukata. Umesema mti una umri mkubwa kuliko nyumba. Kama udongo wenu ni mfinyanzi, mti huo umekuwa ukinyonya maji na kuuweka udongo katika ukavu fulani tangu siku ya msingi. Ukiondoka, udongo hurudisha maji, huvimba, na unaweza kuinua msingi na kupasua kuta katika miezi na miaka inayofuata. Kwenye udongo wa mchanga hilo halisumbui. Kwa mti ulio mita 4 kutoka ukutani kwenye mfinyanzi, muulize mhandisi wa majengo kabla, na muulize hata kama mmeshaamua.

Mkiamua uondoke, kwanza ni kibali. Katika miji na nchi nyingi mti mkubwa haukatwi bila idhini hata kama uko ndani ya uzio wako, hasa wa aina inayolindwa au wenye viota, na faini inaweza kupita gharama ya kuukata. Fundi mzuri atakuuliza habari ya kibali kabla hujamuuliza. Kama shina liko mpakani, jirani ana sauti. Pata ruhusa yake kwa maandishi.

Pili ni nani atakayelipa mambo yakiharibika. Mtu akianguka uani kwako, au tawi likivunja paa la jirani, swali la kwanza litakuwa nani alikuwa na bima. Timu yenye bima ya majeraha ya wafanyakazi na ya mali za watu wengine inatoza zaidi kwa sababu bima hiyo inailipia kila mwaka. Sehemu ya ule mara nne huenda iko hapo, na ni fedha inayokukinga wewe. Usiridhike na neno "tuna bima". Uone hati, utazame tarehe yake ya kuisha, kisha uwapigie walioitoa. Bima yako ya nyumba isome pia. Nyingi hazilipii kuondoa mti uliosimama, ila husaidia ukishaangukia nyumba, na zinaweza kukataa zikijua mlionywa mkapuuza.

Kuhusu wakati: mtu asiye na dharura ana nguvu ya kujadiliana. Baada ya dhoruba kila timu ina foleni, na bei hupanda. Mwambie fundi unayemtaka kwamba siku utamwachia yeye, akupangie katikati ya kazi nyingine ardhi ikiwa kavu. Wengi hupunguza kwa hilo.

Usijaribu kuifanya mwenyewe na shemeji kwa ngazi na msumeno wa mnyororo wa kuazima. Ncha ya msumeno ikigusa kitu kwa sehemu yake ya juu huruka nyuma kuelekea usoni, na aliye kwenye ngazi hana pa kukwepea.

Sasa waite tena wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wape karatasi ileile. Iandike hivi: mti ushushwe kwa vipande, hakuna kipande kitakachotua juu ya paa wala uzio, matawi ya karibu na nyaya yaondolewe baada ya shirika la umeme kuthibitisha, kisiki kisagwe hadi sentimita 30, na hiyo itajwe kwa bei yake peke yake, matawi yasagwe na yabaki au yaondoke, bei zote mbili, magogo yakatwe vipande vya sentimita 40 na yabaki, nani anarudisha uzio ukifunguliwa, siku ngapi, watu wangapi, mashine gani, nakala ya bima. Malipo ya mwisho yawe baada ya uwanja kusafishwa. Malipo ya awali ya kiasi yanakubalika, hasa panapokodiwa kreni, lakini anayetaka zote kabla msumeno haujawaka mwache aende.

Nategemea bei ya wa kwanza itapanda akishaona karatasi hiyo, au atajitoa. Ya wa tatu huenda ikashuka kwa kuwa magogo yanabaki kwako. Huyo wa kati muulize kwa nini ni mara mbili. Akieleza vizuri kuhusu kamba, mlango na siku za kazi, na bima yake ikithibitika, mimi ningeanzia kwake.